Zumbe Yupo, Zumbe Hayupo

Jumapili, 11 Machi 1973
Mvua: bado. Mawingu yanatishia tu.

Daftari hili ni mali ya serikali. Bwana Shamba kanipa niandike mvua ya hapa Magamba kila siku, maana ameona katika vijana wote wa kijiji chetu cha ujamaa hakuna mwenye mwandiko kama wangu. Hakusema hivyo kwa mdomo, lakini mimi nilimwona. Naitwa Mika wa Mzee Fanueli. Nimesoma hadi darasa la sita, na la saba ningelimaliza kama mimi na mwalimu tungeelewana juu ya hesabu za sehemu. Yeye alikuwa na msimamo wake, mimi na wangu.

Kurasa ni nyingi kuliko mvua, kwa hiyo zinazobaki nitaandika mambo yangu.

Jambo la kwanza: huyu Bwana Shamba anamposa dada yangu Yudith. Jina lake Timotheo, kwao Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Baba ni mzee wa kanisa, na alipomsikia mshenga akitaja jina hilo alifurahi kama vile posa imetoka kwa Mtume Paulo mwenyewe. Mimi sikujali jina. Nilijali pikipiki. Timotheo ana pikipiki ya kazi, na ameniahidi kunifundisha nikishakuwa shemeji.

Jumatano, 14 Machi
Mvua: manyunyu, halafu mkutano, halafu ngurumo. Ngurumo nyingine zilitoka kwa Bibi.

Leo ilikuwa balaa, na nitaiandika yote.

Tuliitwa mkutano wa kijiji tusikie habari za matuta. Bwana Shamba anataka kila mtu achimbe matuta ya kukinga maji mashambani na kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, kingoni, ili masika isichukue udongo ikaupeleka Mombo bondeni bure. Sasa hapa kwetu ukisema "matuta" wazee wanashika migongo. Enzi za Mwingereza walichimbishwa matuta kwa amri, na zumbe, yaani chifu, ndiye aliyewatoza faini. Zumbe wetu wa zamani, Mzee Sefania, yuko hai mpaka leo. Kazi yake sasa ni ng'ombe wawili na uziwi. Hata leo alikuwepo mkutanoni, kalala.

Bwana Shamba akataka kuwafurahisha watu. Akapanda juu ya kiti na kusema kwa sauti: "Ndugu wananchi, msiogope! Matuta ya leo si ya kiboko. Mnachimba kwa hiari yenu. Siku hizi zumbe hakuna! Nasema tena, zumbe hakuna!"

Huko Bulwa labda maneno hayo yangepita. Kwetu hapa, katika Kishambaa chetu cha kanisani, "Zumbe" ndiye Bwana Mungu. Tunamwimba hivyo, tunamwomba hivyo. Bibi yangu alikuja mkutanoni amechelewa, ya matuta na kiboko hakuyasikia. Alisikia mwisho tu: Zumbe hakuna.

"Yesu wangu!" Bibi akapiga kelele. "Serikali imemfuta na Mungu!"

Watu wakacheka, wengine wakasimama. Baba akainua mkono. "Tulieni. Bwana Shamba alikuwa anasema machifu. Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, mzee. Machifu."

"Basi mtulize mama yangu. Mwambie Zumbe wa mbinguni yupo, tuendelee na matuta."

Hapo ndipo Timotheo angejibu "yupo" tukaenda kula. Badala yake akashuka kwenye kiti polepole, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, bibi. Samahani kwa kukushtua. Lakini mzee, hilo sitalisema. Si kwamba natukana. Nimemtafuta tangu utotoni, sikumwona. Siamini kwamba yupo."

Kimya kilichofuata ungesikia kuku anafikiri. Mzee Sefania akaamka, akauliza kama mkutano umekwisha.

Alhamisi, 15 Machi
Mvua: nzuri.

Baba ametoa hukumu. Posa haijakataliwa, imesimamishwa. Mpaka tutakapochimba viazi mwezi wa sita, Timotheo awe amesimama kanisani mbele ya watu na kusema Zumbe yupo. Asiposema, Yudith ataolewa na Tobia wa Mombo. Tobia ana lori, amefiwa na mke, na ana tumbo linalotangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata baadaye. Tobia anamwamini Mungu sana. Anamwamini hasa wakati lori linapopanda kona za Soni.

Yudith alikwenda jikoni. Alikuna nazi mpaka akakuna na kifuu.

Jioni nikamwambia rafiki yangu Selemani, mtoto wa Mzee Athumani jirani yetu, kwamba kazi hii nimeichukua mimi. Kabla ya viazi, Bwana Shamba ataamini, na ataamini kwa mkono wangu.

"Wewe?" akasema Selemani. "Uliyeshindwa na sehemu?"

Tukawekeana nadhiri. Nikishindwa, nitabeba tenga lake la kabichi kichwani kama mama zetu, kutoka hapa hadi soko la Lushoto, mchana, watu wakiona. Nikishinda, atabeba la kwangu. Namwonea huruma shingo yake.

Jumanne, 20 Machi
Mvua: inanyesha kama imelipwa. Bwana Shamba kasoma daftari (ukurasa wa kwanza tu, kwingine nilibana kwa kidole) akasema mvua huandikwa kwa namba, si kwa maneno. Nimemwambia namba hazielezi hasira.

Jumapili, 25 Machi
Mvua: kiasi.

Mchungaji amemjaribu Timotheo. Alimwalika chai baada ya ibada, akamweleza kwa utaratibu mzuri tangu Mwanzo mpaka Ufunuo. Mimi nilikuwa nafagia ubaraza, nikafagia sehemu moja mpaka ikawa shimo. Timotheo alisikiliza kila neno. Mwisho akasema, "Mchungaji, umeeleza vizuri kuliko mtu yeyote. Nimeelewa unachoamini. Bado siamini." Mchungaji akamwongeza chai.

Mwanzo ni huo tu. Mchungaji ni mtu wa vitabu. Mimi ni mtu wa mbinu.

Jumanne, 3 Aprili
Mvua: ya asubuhi.

Leo nilimkamata kwenye shamba lake la mfano, lile dogo la mteremkoni pembeni mwa letu. Anachimba matuta peke yake, maana kijiji kizima kimekataa. Nikachuma jani la mgomba, nikamwonyesha mistari yake.

"Shemeji mtarajiwa, hii mistari nani kaichora?"

"Hajaichora mtu. Imeota."

"Imeota yenyewe ikanyooka hivi? Mimi na rula yangu nilishindwa darasa la tano!"

Akacheka, akaegemea jembe. "Mika, rula yako ndiyo ilikuwa na matatizo. Haya, tuseme kachora mtu. Na huyo mchoraji, nani kamchora?"

"Hajachorwa na mtu. Yupo tu."

"Ahaa. Basi mimi nimesema jani lipo tu, wewe umesema mchoraji yupo tu. Tumetoka sare. Shika jembe unisaidie."

Nilichimba tuta zima kabla sijagundua kwamba nimeshindwa. Huyu mtu ni hatari.

Jumatano, 4 Aprili
Mvua: mgongo unauma.

Jumatatu, 16 Aprili
Mvua: ilingoja tule kwanza. Ina adabu.

Kwa kina Selemani kulikuwa na Maulidi, tukaitwa wote, Walutheri kwa Waislamu, na pilau ikatukuta. Mzee Athumani na Baba huwa hawaishi kubishana, Baba na Yesu wake, mwenzake na Mtume wake, tangu kabla sijazaliwa. Leo nimeona ajabu. Walikaa upande mmoja wa mkeka na Timotheo upande wa pili, na kila Mzee Athumani akisema, Baba anaitikia, "Hapo umesema kweli, mghosi." Hapa kwetu mghosi ni mtu mzima wa heshima, na sijawahi kumsikia Baba akimwita hivyo bila kinyongo.

Mzee Athumani akamwuliza Timotheo, "Kijana, ukiumwa sana unamwita nani?"

"Namwita daktari, mzee."

"Na daktari akishindwa?"

"Namwita mama yangu."

Wanawake kule nyuma wakapiga vigelegele. Mzee Athumani akacheka mpaka kofia ikadondoka. Ila Baba hakucheka. Tulipokuwa tunarudi alisema, "Kijana mzuri vile. Ataangamia hivihivi na sisi tunakula pilau?"

Nilikuwa nadhani Baba anataka kushinda, kama mimi. Kumbe anaogopa.

Jumapili, 22 Aprili. Pasaka
Mvua: kubwa, paa la kanisa liliimba kuliko kwaya.

Timotheo alikuja ibadani! Akakaa benchi la nyuma kabisa. Na tulipofika wimbo wa ufufuo, sauti ya nne ikatoka huko nyuma, nzito, imetulia, mpaka mwalimu wa kwaya akageuka kutazama kama ni gari.

Baba akamngoja mlangoni. "Unaimbaje usichokiamini?"

"Mzee, wimbo ni mtamu. Na Yudith aliniomba."

"Lakini maneno unayasema!"

"Ndiyo maana nilikuwa naimba 'mmm' penye jina. Hukusikia?"

Baba alifikiri. Kweli, kulikuwa na "mmm".

Jumapili, 29 Aprili
Mvua: ya kuchosha.

Sasa niandike jambo ambalo Selemani asilione. Tangu ile siku ya jani, swali la mchoraji halinitoki. Nikichunga mbuzi naliona, nikila viazi naliona. Mimi nimekuwa naamini kama ninavyovaa sweta la baba: nimelikuta. Leo nikamwendea Timotheo nikamwambia wazi, "Haya, na wewe nishawishi. Nieleze kwa nini hayupo. Nataka nione nguvu zako."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sikuja Magamba kumnyang'anya mtu Mungu wake. Nimekuja na mbegu za viazi."

Nikakasirika. Baba anamshawishi, mchungaji anamshawishi, Mzee Athumani na pilau yake anamshawishi, na mimi sistahili hata kushawishiwa? "Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu, tena mbishi," akasema. "Ukiniuliza, nitakujibu kila swali. Lakini sitakukimbiza. Na baba yako akinikimbiza simlaumu. Anaona kuna shimo mbele yangu, mimi silioni. Angekuwa mtu mbaya angenyamaza."

Nikamwuliza, "Basi si useme tu neno lenyewe? Maneno mawili! Nani atakupasua kifua atazame ndani?"

"Yudith," akasema.

Jumanne, 1 Mei
Mvua: hata sikukuu ya wafanyakazi haikupumzika.

Alhamisi, 10 Mei
Mvua: sina neno. Kweli, mimi Mika sina neno.

Ilianza juzi jioni haikukata. Jana mchana mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Leo asubuhi tulikuwa jikoni, moshi umetujaa machoni, tukasikia kama lori linashuka bila breki. Mama akasema, "Hilo si gari."

Tukatoka. Shamba letu la viazi, la mteremko mzima, nusu yake ilikuwa haipo. Siyo kwamba imeharibika. Haipo. Palikuwa na jeraha jekundu tu, na huko chini tope limelala mtoni na viazi vidogo vyeupe vimetokeza kama mayai. Baba alisimama na koti lake la mvua. Shamba lile alililima babu.

Kulia kwetu, kwenye mteremko uleule, shamba la mfano la Timotheo limekaa. Maji yalijaa kwenye matuta yakatulia, mabingobingo yameinama, basi. Kila mtu aliyekuja kutupa pole alitazama kwetu, kisha akatazama kule, kisha akatazama miguu yake.

Mimi nilijua kitakachofuata. Ningekuwa Timotheo ningefika na kiti, nikapanda juu. Ningesema: Wananchi, niliwaambia nini? Mzee Fanueli, niliwaambia nini? Ningehubiri mpaka jua litoke.

Alikuja na jembe na debe. "Shikamoo, mzee. Pole." Akashuka mpaka kwenye tope, likamfika magotini, akaanza kuokota viazi. Yudith akamfuata na kapu. Halafu Mama. Halafu Selemani na baba yake. Mwisho Baba akavua koti la mvua, akashuka.

Tuliokota mpaka mikono ikafa ganzi. Neno matuta halikutajwa. Nilikuwa nalingoja kama mtu anayengoja chafya, halikuja.

Ijumaa, 11 Mei
Mvua: imepungua, inaona haya.

Baba ananoa jembe. Nimemwuliza la nini. "La matuta," akasema. Kisha akajaribu makali kwa kidole, "Hakusema hata neno moja, Mika. Mimi ningekuwa yeye ningehubiri."

"Na mimi, baba."

"Najua wewe. Umenirithi."

Mama aliyekuwa anamenya viazi vilivyookolewa akadakia. "Nyie wawili mna mdomo mmoja. Mtu akipita hapa tunakula, si tunasema karibu chakula? Tunasema karibu, tunasogeza kiti. Hatumkabi koo tukamsukumia tonge."

"Mama Mika," Baba akasema, "na asipokula akafa njaa?"

"Kiti si kipo?"

Baba akaendelea kunoa. Hakukubali, hakukataa. Lakini nasema ukweli, hukumu haikubadilika. Tobia wa Mombo kaleta salamu na mche wa sabuni.

Jumapili, 27 Mei
Mvua: kwaheri, nadhani.

Nimejaribu kumtania Yudith: "Ukifika Mombo utuletee embe." Akanirushia mwiko, ukanipata. Kisha akalia, halafu akacheka kwa sababu mwiko ulikuwa na uji nami nilikuwa na uji sikioni.

"Msimu mzima," akasema, "mchungaji kamwuliza, baba kamwuliza, wewe na jani lako mmemwuliza. Aliyeniuliza mimi ni nani?"

"Haya, nakuuliza."

"Mimi naamini. Zumbe namwomba kila siku. Na sijawahi kumwomba amfanye Timotheo aseme kitu. Namwomba anipe mume asiyenidanganya. Ameshanipa, nyie mnamtaka adanganye kwanza ndipo mumpokee."

Nikaufuta uji, nikaulamba. Sikuwa na la kusema, na hiyo ni mara ya pili mwaka huu.

Jumamosi, 9 Juni
Mvua: hakuna. Ukungu na baridi ya kukata masikio.

Viazi tumeshachimba, vile vilivyobaki. Kesho ndiyo kesho. Na mimi, ndugu zangu, nimepata!

Nilikuwa nimekaa nawaza tenga la kabichi, akapita Mzee Sefania na ng'ombe wake. Nikamsalimia, "Shikamoo, zumbe." Akaitika, "Marahaba." Nikasimama kama niliyeumwa na siafu. Zumbe! Zumbe yupo! Amepita sasa hivi na fimbo!

Nikakimbia mpaka kwa Timotheo. "Kesho Baba atakuuliza Zumbe yupo au hayupo. Wewe mfikirie Mzee Sefania. Sema 'Zumbe yupo'. Umesema uongo? Hukusema. Kila mmoja atasikia lake. Wewe kweli yako, Baba furaha yake, Yudith harusi yake."

"Na wewe pikipiki yako."

"Na mimi pikipiki yangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akatazama jembe lake kwa muda mrefu. "Ungebaki shuleni, Mika, ungekuwa hatari kwa taifa." Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nimemwambia Selemani aanze kufanya mazoezi ya shingo.

Jumapili, 10 Juni
Mvua: hakuna. Lakini paa lilitetemeka.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Hata Mzee Athumani na Selemani walisimama nje, sikio ndani. Tobia wa Mombo alikuja na suti, kakaa karibu na njia ya katikati, tumbo liko njiani. Mzee Sefania alikuwa benchi la mbele, mahali pake tangu enzi za uzumbe, kashika fimbo, macho kafumba.

Baada ya matangazo, Baba akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijazoea. "Mwanangu Timotheo. Sikuulizi kwa ugomvi. Nakuuliza mbele ya hawa. Zumbe yupo, au hayupo?"

Timotheo akasimama kule nyuma. Akamtazama Yudith kwenye kwaya. Mimi nilikuwa namkonyeza kwa macho yote mawili.

"Zumbe yupo," akasema.

Loo! Vigelegele viliinuka, mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo bila kutoa sauti ya kuanzia, Mama akamkumbatia mke wa mchungaji, Bibi akatupa khanga juu. Baba alibaki amesimama, machozi yanamtoka, hayafuti. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata lile shamba liliposhuka hakulia.

Na katikati ya kelele zote hizo, benchi la mbele, Mzee Sefania akajiinua juu ya fimbo yake.

"Nipo!" akaguta. "Nani ananiita?"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeelewa, walidhani ni uziwi. Ingeishia hapo. Naapa ingeishia hapo, tungeenda kula, mimi ningekuwa bingwa. Lakini nikamwona Timotheo anatazama uso wa Baba ulivyolowa. Akainua mkono, akangoja mpaka kukanyamaza.

"Mzee Fanueli," akasema, "aliyeitika ndiye niliyemtaja."

Kwanza hawakuelewa. Kisha neno likaanza kuingia, benchi kwa benchi, kama maji kwenye matuta.

"Nilikuwa na neno la kweli la kukudanganyia," akasema. "Nilidhani nitaweza. Nimekuona unalia, nimeshindwa. Yule mwingine simjui, mzee. Nisamehe." Akachukua kofia yake.

Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuingia chini ya benchi. Na hapo ndipo Bibi, Bibi yangu yuleyule wa "Serikali imemfuta na Mungu", akaanza kucheka. Alianza kidogo, kama chungu kinachochemka, kisha akapasuka. "Sefania! Zumbe Sefania! Amekuungama wewe!" Mchungaji akajifunika uso na kitabu cha nyimbo, kitabu kikawa kinatikisika. Ikawa kanisa zima. Tobia wa Mombo alikuwa akiuliza huku na huku, "Ametubu? Ametubu?"

Baba hakucheka. Alimtazama Timotheo akitoka, akanigeukia mimi. "Mika," akasema taratibu, "neno hili limetoka kichwani kwa nani?"

Jumatatu, 11 Juni
Mvua: hakuna. Viboko: vilikaribia.

Nimeponea kwa sababu Baba alikuwa na haraka. Alfajiri alichukua jembe, akaniambia nimfuate, tukamkuta Timotheo anafunga mzigo kwenye pikipiki arudi kwao Bulwa.

"Unakwenda wapi na matuta yangu hayajapimwa?" Baba akasema.

Wakashuka shambani, kwenye lile jeraha. Mimi nikashika kamba ya kupimia. Walichimba tuta moja, halafu Baba akaanza kusema huku ameuinamia udongo.

"Jana neno nililokuwa nalitaka nililipata. Nililia kwa furaha. Ungenyamaza tu, ningekufa nayo furaha hiyo, na binti yangu ungekuwa naye. Kwa nini hukunyamaza?"

"Yangekuwa machozi ya bure, mzee."

Baba akachimba tena. "Tobia ningemwuliza neno lolote angesema. Angesema hata mara mbili." Akasimama akanyoosha mgongo. "Harusi ya kanisani siwezi kukupa, na wewe hutaitaka. Kuna ndoa ya bomani, sheria imekwisha toka. Nenda nayo. Wazee wenzangu wakinivua uzee wa kanisa, nitakuja kukaa na wewe benchi la nyuma."

Timotheo alishindwa kusema. Mimi nikamsaidia: "Anasema ahsante."

"Nawe nyamaza, au nikumbuke kiboko." Kisha Baba akamnyooshea kidole mkwewe. "Lakini tusidanganyane. Kukuhubiria nimeacha. Kukuombea sitaacha, na kukuambia karibu sitaacha, mpaka mmoja wetu azikwe."

"Sitakukataza, mzee. Na mimi sitaacha kukusumbua na matuta."

"Hayo ya matuta," Baba akasema, "nilishaamini tangu mwezi wa tano."

Alhamisi, 5 Julai
Mvua: hakuna. Nimefunga hesabu za masika, Bwana Shamba anasema daftari halisomeki kabisa, ila analiweka kwa kumbukumbu.

Leo wameoana bomani Lushoto. Leo pia ni siku ya soko, kwa hiyo Selemani alichagua leo kwa makusudi. Nimebeba tenga la kabichi kutoka Magamba hadi Lushoto, kichwani, na kata ya majani ya mgomba chini yake, yaleyale yenye mistari. Wanawake wa sokoni wamenipokea kwa vigelegele kuliko bibi harusi. Selemani alitembea nyuma yangu mikono mfukoni, ananifundisha kutikisa kiuno. Maharusi walitupita na pikipiki, Yudith nyuma kakaa upande na gauni kalishika, wakasimama. Timotheo akasema, "Lete hilo tenga, shemeji." Selemani akakataa. Nami nikakataa, maana sikutaka kusemwa. Tena nasema, hakuna mwanamke wa Usambara aliyewahi kubeba kabichi kwa shingo iliyonyooka kama yangu.

Tulikula kwetu. Baba akaomba, ombi refu, chakula kikapoa. Timotheo alikaa ametulia, macho wazi, anatazama sahani yake kwa heshima. Baba alipomaliza, sote tukasema Amina, na Timotheo, aliyepewa na Baba uenyeji wa leo, akasema, "Karibuni chakula."

Yalitoka pamoja, saa ileile, Amina yetu na karibuni yake, kama vile naye kaitikia ombi. Bibi akaniangalia, nikamwangalia.

Selemani anasema hilo si kitu, nadhiri imekwisha, nimeshindwa. Sawa. Lakini mimi nimejiandikia nusu bao.